Siku Uliponikamata kwa Kopo la Senene

Mpendwa mama mkwe,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu sokoni. Mteja niliyekuwa nikimhudumia ameenda kumfuata mumewe aje apimwe suruali, na mume mwenyewe, nasikia, hataki kupimwa na mwanamke. Kwa hiyo nina muda. Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye yale mafunzo ya polisi ya usalama wa mtaa, safari hii bila wewe, na kilichonikuta pale nimeshindwa kumsimulia mtu yeyote kabla yako. Hata mwanao Deo bado hajui, ingawa kinamhusu kuliko anavyodhani.

Acha nianze na lile gumu. Tuliishi nyumba moja miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo ulikuwa na neno na mimi ukalinyamazia. Sikujua nimekosa nini, nilijua tu kwamba nimekosa. Wageni wakija nyumbani Kibeta ulinitambulisha hivi: "Huyu ni mgeni wetu wa Muleba." Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa tano nilikuwa na watoto wawili mgongoni na mkononi, na bado mgeni. Mwaka wa kumi na tano mimi ndiye niliyekuwa nikiwapokea hao wageni, nikiwapa kahawa ya kutafuna na kuwatandikia mkeka, na wewe unawaambia wasimsumbue mgeni mwenzao. Nikipika ulionja, ukaweka kijiko chini taratibu, ukamgeukia Deo kumuuliza kama anajisikia vizuri.

Nililitafuta kosa langu kila kona. Nilidhani labda ni ile siku ya kwanza nilipokuletea maji ya kunawa, nikapiga goti moja tu kwa sababu la pili lilikuwa na kidonda. Nilidhani ni kicheko changu kanisani. Kuna wakati niliamini ni Muleba yenyewe, kwamba kuna mtu wa kwetu aliwahi kukukosea kabla sijazaliwa na mimi nimekuja kulipa. Nilipomuuliza Deo alisema, "Mama yuko hivyo hivyo," kisha akapanda boti kwenda kisiwani Bumbire kununua samaki. Unamjua mwanao. Kila jambo gumu la nyumba ile lilimkuta yuko Bumbire.

Ndivyo ilivyokuwa hata Ta Kamugisha, mwenyekiti wetu wa mtaa, alipopita mwaka jana kutangaza kwamba kila kaya itoe watu wawili kwenda kufundishwa na polisi, Jumamosi nne mfululizo, shuleni. Deo alikuwa kisiwani. Ulimwambia mwenyekiti, "Tutakuja mimi na huyu mgeni." Ukaenda ndani kutafuta viatu.

Darasa walilotupa lilikuwa la watoto wa darasa la pili. Nikikumbuka jinsi wazee wazima walivyojipenyeza kwenye yale madawati, magoti yakiwa karibu na masikio, huwa nacheka peke yangu hadi wateja wananiangalia. Wewe ulikaa mbele kabisa. Afande alikuwa kijana wa Singida, mkaguzi, shati limenyooshwa hadi linaogopesha, na kabla hajamaliza kusema jina lake ulikuwa umenyoosha mkono.

"Wewe ni wa ukoo gani?"

"Mimi ni Mnyaturu, mama."

"Sawa. Na nyumbani kwenu mna migomba?"

"Hapana mama. Sisi tunalima mtama."

"Pole sana, mwanangu," ukamwambia, kwa huruma ya kweli kabisa, na darasa zima likamwonea huruma pamoja na wewe. Ilimchukua muda kupata pa kuanzia baada ya hapo.

Lakini zoezi la simu ndilo lililokupa umaarufu. Alitaka tujue namna ya kutoa taarifa upesi. Akatoka nje, akasimama chini ya dirisha kujifanya polisi wa zamu, akasema mwizi yuko kwenye kibanja chako cha migomba anakata ndizi, haya mama wa mbele, nipigie. Ulichukua simu yangu. Yako ulikuwa unasema ni ya kupokelea tu.

"Haloo, polisi hapa. Toa taarifa."

"Haloo mwanangu, umeamkaje?"

"Salama mama. Tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo, tunamshukuru Mungu. Nyumbani kwenu wote wazima?"

"Wazima. Mama, mwizi!"

"Mwizi yupo, hajaenda popote. Mvua imenyesha huko?"

Tulikuwa tunamwona dirishani, hatua mbili kutoka ulipokaa, anajifuta jasho kwa kofia. Wewe ulikuwa umefumba macho ili umsikie vizuri.

"Na mkeo hajambo?"

"Sijaoa, mama."

Uliitoa simu sikioni ukatugeukia. "Hajaoa!" ukatutangazia, na akina mama wa nyuma wakajibu kwa pamoja, "Bojo!" kama mtu amefiwa. Ukarudi kwenye simu kumuuliza sababu. Ulipofika kwenye mwizi, afande alikuwa amesharudi ndani. Akasema mwizi huyo ameshakata mkungu, ameupika, amekula na ameosha sufuria.

"Mwizi anayeosha sufuria?" ukasema. "Huyo mleteni nikae naye."

Alijaribu kukueleza kwamba kwenye dharura salamu zinaweza kusubiri. Ulimsikiliza kwa heshima, halafu ukamuuliza: nisipokusalimia, utajuaje kwamba anayepiga si mwizi mwenyewe? Aliandika kitu kwenye daftari lake na kusema tutaendelea Jumamosi ijayo.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyobadilisha maisha yangu, ingawa wakati ule nilikuwa nawaza tu jinsi dawati lilivyonikata mapaja. Somo lilikuwa haki za mtu aliyekamatwa. Afande alimwita Ta Kamugisha mbele, akamshika bega akasema, "Uko chini ya ulinzi." Mwenyekiti wetu, ambaye alidhani ameitwa kupongezwa, alinuna hapo hapo mbele ya mkewe.

"Kwa kosa gani?"

"Swali zuri sana!" afande akafurahi. "Hilo ndilo swali! Anayekamatwa lazima aambiwe kosa lake."

Wewe ulikuwa unasinzia kidogo, usikatae. Ulifumbua macho.

"Rudia hapo. Lazima aambiwe?"

"Lazima, mama."

"Hata kama kosa lake analijua mwenyewe?"

"Hata kama analijua. Huwezi kumshika mtu halafu ukamnyamazia. Huko ni kumwonea."

Hukugeuka kunitazama, lakini shingo yako ilikakamaa. Afande aliendelea na mengine: asipigwe, apewe chakula, ndugu zake wajulishwe, na halazimiki kusema chochote maana lolote atakalosema linaweza kuwa ushahidi. Uliyasikiliza yote mdomo ukiwa wazi kidogo. Njia nzima ya kurudi nyumbani ulitembea mbele yangu, mikono nyuma. Nilidhani miguu inakuuma.

Jumapili hukufanya kitu. Nadhani uliheshimu siku ya Bwana. Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, ukaingia umevaa kitenge chako cha jumuiya ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Ukaniwekea mkono begani.

"Uko chini ya ulinzi."

Nilicheka. Wewe hukucheka.

"Weka kisu chini."

Nikakiweka. Sikumbuki kama niliwahi kukutii haraka hivyo. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayedhani bado kuna mchezo, "Kwa kosa gani, Ma?"

Ulivuta kigoda ukakaa mbele yangu. "Hapo ndipo nilipokukosea," ukasema. "Miaka yote hii sikukwambia. Huyu mtoto wa Singida amenionyesha. Sasa nakwambia. Mwaka ule ulipoolewa. Mwezi wa senene. Kopo la maziwa la bluu, juu ya kabati langu. Senene wa mzee."



Unajua kwetu Muleba baba alikuwa ametuachia wasichana tule senene tushibe. Kwako desturi ilikuwa ile ya mabibi zenu: mwanamke anaamka alfajiri kuwaokota panzi hao, anawanyonyoa mbawa na miguu, anawakaanga vizuri, anampelekea mume wake, na yeye halambi hata kidole. Mume akiridhika anamnunulia mke nguo mpya. Basi ukanisimulia nisichowahi kukisikia, kwa kuwa siku ya Krismasi ya mwaka ule mimi nilikuwa jikoni. Mzee, mumeo, aliwakalisha wageni wake kutoka Dar es Salaam, akawasifia senene wako hadi mate yakawajaa, akafungua kopo mbele yao. Chini kabisa mlikuwa na wachache, na mbawa mbili. Hakusema kitu. Alilifunika akaagiza chai. Mwaka ule hakukununulia kitenge, na hadi anaingia kaburini pale kwenye kibanja hakuwahi kukuuliza.

"Alidhani ni mimi," ukasema. "Mimi, kiongozi wa jumuiya. Na ndani ya nyumba ile mwanamke mwingine alikuwa mmoja tu."

Sasa ngoja nikwambie nilichohisi, maana siku ile hukukiona usoni kwangu. Kwanza nilifurahi. Miaka kumi na tisa nalitafuta kosa langu, leo limeletwa hadi jikoni, lina mwezi, lina rangi ya kopo. Halafu nikaogopa sana, kwa sababu lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimekula. Nilikuwa na mimba changa ya Koku, kila chakula kilinitapisha, na kitu pekee duniani nilichokitamani kilikuwa juu ya kabati lako. Mchana ukienda jumuiya nilikuwa naingia chumbani kwako kwa ncha za vidole. Sikuwahi kuhusisha jambo hilo na ukali wako, maana niliamini nilionja tu.

Ningeweza kukuambia pale pale. Badala yake nilijifuta mikono kwenye kanga nikasema, "Afande alisema nina haki ya kukaa kimya."

"Hiyo ni haki ya wezi."

"Ni haki ya mtuhumiwa, Ma. Ulikuwepo."

Ulikunja uso. Ulikuwa mkali, lakini hukuwa mtu wa kupindisha. "Nilikuwepo," ukakubali. Ukaitazama sufuria, ukazitazama ndizi ambazo nilikuwa sijazimenya. "Na mtuhumiwa apewe chakula," ukasema, kwa uchungu kama mtu anayekumbuka deni, ukakiokota kisu ukaanza kumenya wewe.

Wiki ile nilikula vizuri kuliko wakati wowote tangu niolewe. Asubuhi chai ya maziwa, mchana ndizi kwa maharage, jioni ndizi kwa samaki, na vyote unanitengea kwa kishindo, bila kunitazama, ukisema, "Kula. Usije ukasema ulionewa." Siku ya pili ukasema ndugu zangu lazima wajulishwe, ukampigia mama yangu Muleba. Mlisalimiana hadi salio likakaribia kwisha. Mwishoni ukamwambia, "Mwanao nimemshika." Mama akauliza nimefanya nini. "Bado tunachunguza," ukamjibu ukakata. Yule mama alinipigia mara nne siku hiyo akilia, na mimi kila mara nikawa namwambia siwezi kusema kitu, lolote nitakalosema linaweza kuwa ushahidi.

Nilikuwa nacheka usiku chini ya shuka, lakini si kwamba nilikuwa na raha. Kila ukinitengea sahani niliitazama mikono yako ya kizee, nikajua kwamba mwanamke huyu ananihudumia kwa sababu sheria imemwambia, na kwamba nikisema ukweli naweza nisipate tena hata hiyo sahani ya kisheria. Nilitaka kukaa kwako, Ma. Sikutaka kubaki kwenye nyumba kwa kuwa mtoto wako yuko Bumbire na hana haraka ya kunirudisha kwetu. Nilitaka unitake wewe.

Jumamosi ya mwisho ulinyoosha mkono afande alipouliza kama kuna maswali.

"Mtuhumiwa akinyamaza wiki nzima, anakula tu, ananenepa, inakuwaje?"

"Wiki nzima?" Afande aliweka chaki chini. "Mama, mwisho ni saa ishirini na nne. Apelekwe mahakamani au aachiwe." Akakuangalia vizuri. "Mama, kuna mtu umemshikilia?"

"Hapana. Nauliza kwa niaba ya jirani."

Darasa zima lilinigeukia. Nadhani kweli nilikuwa nimenenepa.

Tulipofika kwenye kile kilima kabla ya kwetu, mahali unapopenda kupumzika, ulisimama. "Nimekuachia," ukasema. "Sheria imesema hivyo." Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu aliyebeba kitu kizito toka mbali akaambiwa akitue, wala hakuna wa kukipokea. Hapo haki yangu ya kukaa kimya ikanishinda. Nililia, sitaficha.

"Ni mimi, Ma. Nilikula. Nilikuwa na mimba ya Koku na nilikula, nisamehe." Na kwa kuwa nilikuwa nimeamua kusema yote, nikasema yote. "Lakini kopo nililikuta nusu."

Uligeuza uso ukaitazama mibuni ya Ta Kamugisha kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaka kuinunua.

"Ma?"

"Afande alisema mtu halazimiki kusema chochote," ukajibu.

"Ma!"

"Nina haki."

Ndipo nikaona mabega yako yanatikisika. Nilidhani unalia, nikakushika, kumbe unacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwako, chembamba, cha msichana. Na mimi nikashindwa kujizuia. Tulikaa chini kwenye nyasi na viatu vyetu vya mafunzo. Mtu wa bodaboda alisimama akatuuliza kama kuna msiba, ukaninyooshea kidole mimi ukasema, "Huyu ananiua," akaondoka kwa kasi. Ulipopata pumzi ulijifuta macho kwa kile kitambaa ukasema, "Nilionja tu. Kila siku nilionja tu. Nikadhani umemaliza wewe, nikasema moyoni, afadhali awe yeye."

Nilikasirika hapo, Ma. Nataka ujue. Miaka kumi na tisa ya kuwa mgeni, na wewe unalijua lile kopo vizuri kama mimi! Kwa hatua kama ishirini sikutaka kutembea sambamba na wewe. Halafu nikakumbuka mzee na kile kifuniko alichokirudisha bila neno, na wewe ukikaa na ukimya huo kitandani kwako hadi akafa, nikaona kwamba adhabu yako ilikuwa ndefu kuliko yangu. Nikakungoja.

Wiki iliyofuata nilikushonea gauni la kitenge, kile chenye majani ya kijani ulichokuwa ukikitazama kila ukija sokoni na kusema ni cha wasichana. Nilipokupa uliuliza ni cha nini, nami nikakwambia ni cha mwaka ule. Ulikivaa Jumapili tatu mfululizo. Na Novemba senene walipoanguka tulitoka wote wawili na ndoo, tukawanyonyoa, tukawakaanga, tukamtengea Deo fungu lake zuri, kisha tukafunga mlango wa jikoni kwa ndani. Ulikuwa unatafuna polepole ukiwa umeziba mdomo kwa mkono, ukanambia chumvi imepungua. Nikaongeza chumvi.

Kabla ya Pasaka ukaondoka. Sina la kusema kuhusu wiki zile ambalo hujui, ulikuwepo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba jikoni bado namenya ndizi nikiwa nimekaa upande mmoja ili nikuachie nafasi, na hasira zikinipanda natamani mtu aje aniwekee mkono begani. Nimekukosa. Sikudhani ningekuja kuandika neno hilo juu yako, nawe najua hukudhani ungekuja kulisoma.

Sasa la Jumamosi.

Afande ni yule yule. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama dawati la mbele, akauliza, "Yule mama wa simu yuko wapi?" Ta Kamugisha akamwambia. Kijana alivua kofia. "Nilitaka kumwambia nimeoa," akasema. Akina mama wa nyuma hawakusema bojo safari hii.

Somo la mwaka huu lilikuwa taarifa za uongo. Alitueleza kwamba kumpa polisi taarifa ambayo unajua si ya kweli ni kosa, unaweza kushtakiwa, na kwamba hata lile daftari la wakazi wa mtaa lisichezewe maana wanalitegemea. Akasema kwa kuwa mwenyekiti yupo na daftari lipo, tulihakiki hapo hapo. Wakaanza kusoma kaya moja moja, watu wanaitikia ndiyo, huyu ameolewa, yule amehamia Kahororo, anaweka alama. Mimi nilikuwa nawaza mambo ya vifungo vya shati la watu. Hilo daftari liliandikwa mwishoni mwa mwaka jana nikiwa sokoni, wewe ndiye uliyehojiwa nyumbani, na hukuwahi kunisimulia.

"Kaya ya marehemu Ma Felista," afande akasoma. "Binti: Konsolata. Mkwe: Deogratias."

Darasa lilipasuka. Wote mle wanamjua Deo tangu anatembea na kamasi. Afande akasubiri watulie akauliza kama kuna kosa. Ta Kamugisha akasimama, amekunja daftari kifuani.

"Nilimwambia, afande. Nilimwambia, Ma, umewageuza. Huyo Konsolata ndiye mkwe, Deo ndiye mtoto. Akaniambia, 'Andika nilivyosema. Deo nilimzaa, kila mtu anajua. Huyu ndiye ambaye nisipomwandika hakuna atakayejua.'"

Afande alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari, akanitazama, na nikaona kabisa kwamba angependa asiniulize.

"Mama Konsolata. Wewe ni binti wa marehemu? Kumbuka tulichosema sasa hivi."

Nilisimama, nikagonga goti kwenye dawati. Kosa nalijua, Ma. Nilikuwa nimeelezwa dakika tano zilizopita, mbele ya mashahidi.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Ni mama yangu. Deo ameoa kwetu."

Akaweka alama, akafungua ukurasa mwingine.

Pumzika, Ma. Nitakuja kupalilia kaburini kwako kesho kutwa.

Ni mimi binti yako,
Konsolata